Mfupa wa Nyonga Uliokurudisha Nyumbani

Mama,

Umepatikana. Wacha nianze na hilo, kwa sababu wewe hukupenda mtu anayezungusha maneno. "Sema, chai inapoa," ndivyo ulivyokuwa ukitwambia. Basi nasema: umepatikana, na kesho tunakuzika hapa Kabazi, upande wa kushoto wa nyumba, Baba akiwa amelala kule kulia. Ni pale pale ulipopanda sukuma wiki ukatukataza kukanyaga, ukisema hapo ni pako leo na ni pako baadaye. Sisi tulicheka. Leo nimeing'oa ile sukuma kwa mikono yangu mwenyewe nikaihamishia kando ya tangi.

Nimekaa jikoni kwako. Nje wanawake wa kanisa wanamenya viazi na kuimba, kila mmoja na sauti yake, na mwanao Simiyu anagombana na watu wa hema kuhusu mahali pa kugonga vigingi. Baba Mdogo amechungulia hapa mlangoni, akaniona na kalamu, akarudi taratibu. Anadhani naandika wasifu wako wa kusomwa kesho. Huo ataandika mwalimu, na atasema ulikuwa mtu wa watu na mcheshi, na kila mtu ataitikia. Hii hapa ni yako peke yako.

Nikueleze mambo kwa mpangilio, maana hupendi kusimuliwa nusu nusu.

Uliondoka Krismasi ikiwa inakaribia, mvua ikiwa haijaamua kama imeisha ama inapumzika. Ulitaka udongo mweupe wa Kariandusi wa kupaka nyumba. Nilikupigia simu kutoka kibandani kwangu Nakuru ninakoshona, nikakwambia Mama, si chokaa iko dukani pale Subukia? Ukanicheka. "Ile ya dukani hukaa kama uso wa mgonjwa." Ulikuwa umeshapaka ukuta mmoja kwa ule mweupe wa mwaka uliotangulia, ukaishiwa. Ukavaa gambuti za Baba, ukavaa lile koti la Babu la reli, la kijivu, zito, lenye vifungo vya shaba, ukaenda kwa rafiki yako Mama Chebet kule karibu na Elmenteita. Ulifika, mkanywa chai, mkasengenya mchungaji kidogo. Ukaondoka mchana na gunia lako tupu begani. Baada ya hapo, kimya.

Tulikutafuta, Mama. Hospitali, vituo vya polisi, makanisa, na Simiyu alifika hata machimboni Kariandusi asione kitu. Kuna mtu alisema ameona mama mzee wa koti kubwa huko Salgaa, kati ya malori, na Simiyu akaenda na picha yako akiwaonyesha madereva mmoja mmoja. "Boss, umeona huyu mathe?" Walikuwa watu wazuri, wengine walizima injini waiangalie vizuri, lakini hakuna aliyekuwa amekuona. Mimi kila kituo nilichoingia niliimba wimbo mmoja: koti la reli, vifungo vya shaba, kiraka cha buluu ndani. Nafikiri polisi wa Bonde la Ufa wote walichoka na hilo koti.

Miaka ikaenda. Na unajua watu wetu. Wazee wakaanza kusema boma haliwezi kukaa na kilio kinachoning'inia, kwamba watoto wa Simiyu wanakua chini ya msiba usio na kaburi. Baba Mdogo akaita kikao. Uamuzi ukawa tufanye kama walivyofanya wa zamani mtu akipotea: kukata mgomba, kuuvika shuka, kuuzika mahali pako. Walishauchagua, ule wa nyuma ya zizi. Nikasimama nikasema mgomba ni wa matoke, si wa jeneza, na mtu asinizikie mama wa majani. Wueh! Unajua mdomo wangu, niliurithi mahali. Baba Mdogo aliniangalia akasema kwa huruma, "Nafula, asiyekuwepo na lake halipo." Tukakubaliana tungoje mahindi yavunwe. Yakishavunwa, mgomba ungekatwa, na mimi ningenyamaza.

Mahindi yalikuwa kiunoni niliposikia simu.

Kule Kariandusi ukingo mmoja wa korongo ulikuwa umeporomoka kwa mvua, na wachimbaji wa ule udongo wakaona mkono wa koti umetokeza. Wakakusanya walichoona, polisi wakaja, vitu vikaletwa mochari hapa Nakuru. Askari mmoja akaona vifungo vya shaba, akakumbuka kuna mwanamke msumbufu wa koti. Huyo msumbufu ni binti yako. Nikafunga kibanda nikamwambia Simiyu tukutane huko.

Walinionyesha koti kwanza. Lilikuwa limekauka na kukakamaa, jeupe kwa vumbi. Nikaligeuza ndani, nikatafuta upande wa kushoto chini ya kwapa, na kiraka kikawa hapo. Ile sketi yangu ya shule, buluu. Unakumbuka uliniambia nikishone mwenyewe nijifunze, halafu ukakataa nisikifumue hata kama kilikuwa kimepinda? "Kiache, nikiwa na baridi nitajua ni wewe." Nikasema, huyu ni Mama. Sikulia hata. Nilisema tu kama mtu anayetambua sufuria yake kwa jirani.

Yule askari alikuwa mtu mpole. Akaniambia, "Pole, dada. Koti linaweza kuwa lake. Lakini aliyekuwa ndani ya koti ni mwanaume."

Akaeleza. Gambuti zilikuwa za kiume. Fuvu lilikuwa na taya nene na kinundu kikubwa nyuma ya sikio. Mifupa ya mikono ilikuwa minene, ya mtu wa kazi nzito. Kila aliyeiona alisema mwanaume, na kwa wakati huo walimhesabu hivyo, mwanaume asiyejulikana. Mimi nikabaki nimeshika koti. Kwa sababu kama ni mwanaume, Mama, basi alipata wapi koti lako?

Hilo swali lilitoka na sisi mpaka nje. Simiyu alisimama kando ya ukuta, uso umekufa ganzi, akasema polepole, "Basi huyo ndiye alimmaliza." Akataka kurudi ndani. Akasema atalipiga teke hilo boksi lao, wamfunge wakitaka. Nilimshika shati. Lakini nisikudanganye, nilimshika kwa mkono mmoja tu, maana hata mimi lile fuvu nililichukia. Nilimwona huyo mwanaume kila nilipofumba macho, na taya lake, amevaa kiraka changu. Nilimpa sura kabisa, nikampa na sauti.

Na huku nyumbani habari ikafika kabla yetu. Baba Mdogo akasema sasa mambo yako wazi: mwenye lile koti hangeweza kuvuliwa akiwa hai. Hakuna haja ya kungoja mahindi. Jumamosi hiyo hiyo mgomba ukatwe. Nilirudi Nakuru nikakaa kwenye cherehani, sikushona chochote.

Hapo ndipo Daktari Chelimo aliponipigia.

Sikumjua. Kumbe ni daktari wa mifupa ya waliokufa, kazi yake ni kuiuliza ilikuwa ya nani. Msichana tu, Mama, ungemwona ungemuuliza kama amekula. Akaniambia amesikia nimeambiwa ni mwanaume, na kwamba yeye hajasema hivyo. Ameletewa fuvu, mikono, mbavu kadhaa na mguu. Halafu akasema maneno ambayo yalinifanya niketi chini na simu sikioni: "Nyonga sina bado. Na bila nyonga mimi sikati neno."

Pima nyonga kwanza, mengine yatafuata. Si ni wewe? Si ni wewe uliyenipigia rula kwenye vidole ukinifundisha kushona, mpaka nikalishika? Mabega hudanganya, ulisema, mtu huyainua akijua anapimwa. Kifua hudanganya, sweta ziko tatu ndani. Lakini nyonga ndiyo gauni. Kutwa nzima mimi nazungusha futi kwenye nyonga za wanawake wa Nakuru kwa sababu uliniambia hivyo, na sasa mtu nisiyemjua ananiambia hivyo hivyo kuhusu mifupa. Mwili wote ulinisisimka. Nikampigia Baba Mdogo nikamwomba aache mgomba usimame mpaka nyonga ipatikane. Alidhani nimechanganyikiwa, lakini akaacha.

Nilienda na Daktari korongoni. Aliniruhusu nisimame nyuma ya kamba na thamosi yangu ya chai. Sikuwahi kufika pale tangu safari ya shule, tulipopelekwa kuangalia mawe ya watu wa kale yaliyochongwa hapo. Mama, kule ni kweupe! Kukipigwa na jua hutazami mara mbili. Wasaidizi wake walipiga magoti wakaanza kuondoa udongo kwa brashi ndogo, na kila walichoondoa wakakichekecha kama unga wa ugali. Hakuna aliyeharakisha. Mimi nilikuwa nimezoea kuona marehemu wakiharakishwa.

Wakati wa chai nikamuuliza Daktari huu udongo ni nini hasa. Akachota kidogo akanipulizia kiganjani. Akasema zamani sana hapo palikuwa ziwa, na ndani yake vijimea vidogo ambavyo jicho halivioni, kila kimoja na ganda lake. Vilipokufa maganda yakazama, yakalaliana, mpaka yakawa mlima. Huo ndio mweupe wote ule. Kwa hivyo miaka yote hiyo, Krismasi kwa Krismasi, ulikuwa unapaka nyumba yetu maganda ya viumbe waliokufa kabla mtu hajazaliwa, na ilikuwa inang'aa mpaka watu wa ng'ambo ya bonde wakauliza ni kwa nani pale. Nilimwambia Daktari hivyo. Akacheka, akasema ungemfaa kama mwanafunzi.

Alasiri msaidizi mmoja akainua mkono. Daktari akashuka mwenyewe, akakaa chini pale muda mrefu akipiga brashi, akainuka na kitu amekibeba kwa mikono miwili, hivi unavyombeba kifaranga. Halafu kingine. Halafu wakaona kitambaa cha gunia, na ndani ya gunia udongo mweupe, umejaa na kufungwa kwa kamba. Alinitazama tu, akafunika kila kitu taratibu.

Kesho yake alituita, mimi na Simiyu. Simiyu aligoma mlangoni. Akasema yeye haingii kusalimia muuaji. Nikaingia peke yangu.

Kulikuwa na meza ndefu iliyotandikwa karatasi, na mifupa imelazwa juu yake kila mmoja mahali pake, kama mtu aliyelala chali kwa adabu. Daktari akasema, "Nitakuonyesha, kwa sababu ukiambiwa tu hutaamini, na mimi nisingeamini. Ukichoka, toka, hakuna ubaya." Akanivisha glavu.

Akaanza na fuvu lile lile. Akapitisha kidole kwenye taya, akagusa kile kinundu nyuma ya sikio, akasema hata yeye, angepewa fuvu peke yake, angeelekea kwa mwanaume. Lakini fuvu hubahatisha, akasema. Kuna wanawake wana taya, hasa wakizeeka, na kuna wanaume wana nyuso laini. Mikono nayo huonyesha kazi, na kazi haina mume wala mke. Nikatazama ile mifupa ya mikono. Jembe, Mama. Kukamua. Mitungi ya maji kutoka mtoni kabla hatujapata tangi. Hatukuwahi kufikiria kwamba ulikuwa ukijitengeneza mifupa ya mwanaume kwa ajili yetu.

Halafu akachukua mfupa wa nyonga. Kuna mahali nyuma yake pamejikata na kupinda. Akasema, "Weka kidole gumba hapo." Nikaweka. "Sasa kichezeshe." Nikakichezesha kushoto kulia, na kilicheza, nafasi ilikuwepo. Akaniletea nyonga nyingine kutoka kwenye kabati, ya plastiki, ya kufundishia, ya mwanaume. Nikaweka gumba pale pale. Kilikwama. Nilirudia. Kwenye ya plastiki kinakwama, kwenye ya mezani kinacheza. Nilirudia mpaka akaniachia tu nifanye.

Kisha akaunganisha vipande kwa mbele, akanionyesha pale chini vinapokutana. Akafungua gumba na kidole cha shahada, pana. "Wanawake." Akafungua kidole cha shahada na cha kati, nyembamba. "Wanaume." Akashusha mkono wake karibu na mfupa, gumba na shahada, na ikakaa. Ikakaa sawasawa, kama kola iliyopimwa. Mimi ni fundi, najua kitu kikikaa.

Akasema, "Huyu ni mwanamke. Mtu mzima, alizidi hamsini. Na sijaona alama ya mkono wa mtu kwake, ni uzito wa udongo uliomwangukia tu. Jina lake bado silijui, hilo litatoka kwenye kipimo cha DNA."

Nikamuuliza kama mfupa unaweza kusema alizaa watoto wangapi. Nilikuwa nimesikia watu wakisema kuna alama, kila mtoto na yake. Angeweza kunipa hilo, Mama. Nilikuwa nalitaka mpaka ilionekana. Akatikisa kichwa. "Watu walisema hivyo kwa muda mrefu. Lakini hata wasiozaa huwa nazo, na waliozaa wengine hawana. Siwezi kuuongezea mfupa maneno." Na hapo ndipo nilipomwamini kabisa. Mtu asiyekupa hata ile moja ndogo unayoililia, akikupa nyingine unaipokea kwa mikono miwili.

Basi mfupa haukusema. Lakini mimi nilijua.

Alikuwa ameuacha mikononi mwangu, umeungana, na dirisha lilikuwa mbele yangu, na mwanga ukapita katikati. Pale katikati ni wazi, Mama. Ni duara. Sijui kwa nini sikuwahi kulifikiria, mimi ninayeipima kutwa kwa nje na nguo juu. Nilikuwa nimeshika mlango nilioingilia duniani. Nilipita hapo. Kichwa changu hiki kinachofikiria kilipita hapo, na mabega haya, na wewe ukiwa unalia ama umeng'ata kanga, mvua ikinyesha mpaka ukaniita Nafula. Hakuna kanisa nimewahi kuingia nikanyamaza vile. Usione vyaelea, vimeundwa, husemwa hivyo, na mimi nilikuwa nimeiona karakana yenyewe. Ninaandika na nywele zinanisimama.

Nikaita, "Simiyu, njoo." Akakataa. Nikaita tena kwa ile sauti yako, ile ya kumwita mtu aliyemwaga maziwa, na miguu yake ikamleta kabla hajataka. Nikamwambia aweke gumba. Akaweka. Kikacheza. Nikampa ile ya plastiki. Kikakwama. Simiyu si mtu wa maneno mengi lakini si mjinga. Alirudi kwenye ya kwanza, akaacha gumba lake hapo, halitoki. Akaniangalia, akaliangalia lile duara, na nikaona amefika pale nilipofika mimi, yeye na kile kichwa chake kikubwa ulichokilalamikia maisha yako yote.

"Nilitaka kumpiga teke," akasema. Kisha akakaa sakafuni. "Nafula, nilitaka kumpiga Mama teke."

Daktari alitoka akafunga mlango pole pole, akatuachia chumba.

Yule mwanaume hakuwahi kuwepo. Nataka ulijue hilo, kama kuna mahali ulikuwa ukituonea aibu. Yule mwenye taya niliyempa sura na sauti, niliyemwona amekuvua koti, alikuwa wewe muda wote. Hakuna aliyekuvua. Ulikuwa na koti lako, na gambuti za Baba, na kiraka changu chini ya kwapa, na gunia limeshafungwa, tayari kurudi. Ulikuwa umeshamaliza kuchota.

Walituchukua mate mimi na Simiyu kwa kijiti cha pamba. Tukangoja. Jibu lilipotoka Daktari alinipigia mwenyewe, hakutuma mtu. Akasema, "Ni mama yenu." Nikamjibu asante kama mtu aliyeambiwa leo ni Jumanne. Kisha nikafunga simu nikapiga kelele mpaka mama wa mitumba wa kibanda cha pili akaja mbio na mwiko.

Baba Mdogo nilimwambia ana kwa ana. Alivua kofia. Alisema tu, "Tungezika mgomba, na shemeji yuko boksini ameandikwa mwanaume." Akarudia hayo maneno kwa kila mgeni aliyekuja. Ule mgomba wake, nikuchekeshe, umezaa mkungu wa ajabu. Simiyu ameukata leo asubuhi. Wewe mwenyewe ulikusudiwa kuwa mgomba, sasa mgomba utaliwa na waombolezaji wako, matoke na nyama.

Jana tuligombana tena, mimi na Baba Mdogo, la mwisho. Alisema kwa watu wetu wa zamani, mtu aliyefia nje mauti mabaya hapitishwi getini. Ua hukatwa, anaingizwa kwa tundu la pembeni, kisha ua unafungwa ili lililompata lisijue njia. Hakusema kwa ubaya, aliogopea wajukuu. Zamani ningempigia kelele. Safari hii nilimketisha hapa jikoni nikamweleza ule mfupa. Nilimwonyesha kwa vidole, gumba na shahada. Nikamwambia kuhusu duara na mwanga wa dirisha. Nikamwambia Baba Mdogo, huyu mama alitupitisha mimi na Simiyu mlangoni kwake, mlango wa mbele, hakututafutia tundu. Na wewe pia kuna mtu alikupitisha.

Alimalizia chai yake. Halafu akatoka nje, nikasikia akimwita Simiyu alete grisi apake bawaba za geti, kwa sababu zinapiga kelele na kesho kuna mgeni.

Nyumba ni nyeupe, Mama. Simiyu alienda akaleta ule ule wa Kariandusi, aliununua kwa wachimbaji, kwa usalama, usianze kumkaripia. Amepaka zile kuta tatu ulizoacha. Ule wako wa kwanza hatukuugusa, umefifia kidogo kando ya hizi mpya na unaonekana ukiwa barabarani. Koti polisi watalirudisha, wamesema. Nitalifua kwa maji baridi na kiraka sitakifumua. Binti yangu Zawadi ameanza kukaa kwenye cherehani yako. Juzi alinipimia gauni akaanzia mabegani, nikasikia mkono wangu ukitafuta rula. Nimekuahidi huyo nitamfundisha vizuri, na siku moja, akiwa mkubwa, nitamwambia kwa nini tunaanzia pale.

Wananiita. Viazi vimeisha, sasa wanataka kujua sufuria kubwa iko wapi, na ni wewe tu uliyekuwa ukijua.

Lala leo usiku mmoja tu wa mwisho nje ya kwako. Kesho jeneza litakuwa jepesi, Daktari ametuonya tusishtuke. Nimesema wanaume wa kubeba hawahitajiki. Ni mimi mbele na Simiyu nyuma. Mara ya kwanza tulipokutana, mimi na wewe, wewe ndiye uliyefanya kazi yote na mimi nikafika nikilia, sijui njia. Geti limefunguliwa, Mama. Ulinipitisha. Nakuja kukupitisha.

Wako,
Nafula